Ambrosi na Kigango cha Ng'ambo ya Bwawa

Kaka yangu Ambrosi ni fundi mwashi, tena ni mtu wa maneno mengi. Ufundi umempa jina, mdomo umemponza. Ukipita Shirimatunda ukaona nyumba ambayo kuta zake hazina hata pembe moja iliyokaa vibaya, uliza, utaambiwa ni kazi ya Ambrosi wa Uru. Na ukimkuta mwenyewe hapo, pole yako, kwa sababu atakusimamisha akueleze jinsi ukuta wa jirani ulivyopinda na jinsi fundi wake alivyoanza na pombe ya mbege kabla ya kuanza na kamba.

Mimi ni Stella, dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa. Nauza mitumba pale soko la Memorial, na mara mojamoja navuka mpaka wa Holili kwenda Taveta kutafuta mzigo. Nampenda kaka yangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema, na sitaki mtu adhani namsema kwa chuki.

Ambrosi na mkewe Bernadetha wana watoto watatu wa kiume. Wawili wakubwa wako Dar na Mwanza, wanakuja Krismasi, wanachinja mbuzi, wanapiga picha kwenye migomba, wanaondoka. Wa mwisho ni Rodney. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi. Nyumba ya baba ni yake, kihamba kinachoizunguka, shamba la migomba la ukoo, ni chake, na wazee wakishindwa kutembea ndiye wa kuwapeleka chooni. Kwa hiyo Rodney hakuwa mtoto tu kwa Bernadetha. Alikuwa ndiye uzee wake.

Rodney alijifunza uashi kwa baba yake. Tangu amalize kidato cha nne walikuwa wote saiti, baba anajenga pembe, mwana anavuta kamba. Kitu cha kwanza alichofundishwa ni maji. Ambrosi ana ule mpira mrefu mweupe unaoonyesha maji ndani. Unashika ncha hapa, mwenzako anashika ncha kule mwisho wa msingi, maji yakitulia mnaweka alama, na alama zile mbili ziko usawa mmoja. "Mtu anaweza kukudanganya," alikuwa akimwambia, "hata macho yako yatakudanganya. Maji hayadanganyi. Maji hulala sawa siku zote." Nimemsikia akiyasema hayo mara nyingi hadi nikachoka, utadhani maji ameyazaa yeye.

Basi Rodney akapanga chumba Shirimatunda ili awe karibu na kazi, na jioni, kama vijana wote, akawa na simu yake. Huko kwenye simu akakutana na watu wanaosema dunia si mviringo, ni bapa, na kwamba wanasayansi, serikali na makanisa wameungana kutuficha. Wengine tungecheka tukapita. Rodney hakucheka, kwa sababu moja tu. Wale watu walikuwa wakisema maneno ya baba yake. Walikuwa wakionyesha pima maji, wakionyesha mpira kama ule ule, wakisema maji hulala sawa siku zote, sasa bahari itapindaje?

Alikuja na habari hizo Uru siku ambayo jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwa Ambrosi. Ambrosi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, kwa hiyo nyumba ilijaa. Baada ya sala, wakati chai inazungushwa, Rodney akasimama akaomba nafasi. Akaeleza vizuri kabisa, kwa upole, wala hakumtukana mtu. Mwisho akamgeukia baba yake.

"Baba, wewe ndiye umenifundisha. Ukiweka mpira wa maji kwenye nyumba ndefu namna gani, maji hayainuki katikati. Sasa bwawa kubwa kama lile la Nyumba ya Mungu litakuwaje na mgongo?"

Ambrosi amesoma hadi la saba, na swali lile lilikuwa limetengenezwa kwa vifaa vyake mwenyewe. Mtu mwingine angesema sijui mwanangu, tutaulizia. Kaka yangu akapiga meza, akasema ndani ya nyumba yake hataki upuuzi wa kwenye simu, na kwamba mtoto aliyeshiba ndizi za machalari za mama yake hana haki ya kuwaita walimu na mapadri waongo. Rodney akachukua koti lake. Akasema atarudi siku baba atakapomjibu, si siku atakapompigia meza.

Miezi ikapita. Kazini Rodney alijiunga na fundi mwingine, kule juu Uru hakupanda tena. Bernadetha alikuwa akinipigia simu Memorial, ananiuliza kama nimemwona, kama amekonda, anafuliwa na nani. Siku moja akaniambia, "Wifi, mimi dunia iwe duara, iwe pembe nne, iwe kama ndizi, sijali. Nirudishie mtoto."

Nikamfuata Ambrosi. Nikamweleza kwamba kijana aliuliza swali na bado anangoja jibu. Siku kadhaa sikumwona. Kumbe alikuwa anauliza watu. Alimuuliza mwalimu mmoja, akamuuliza pia Theodory, jirani yetu anayepeleka watalii mlimani. Na jibu lilipomjia alikuja mbio hadi mezani kwangu, kwenye marundo ya nguo, macho yamemtoka.

"Kigango, Stella! Kile kigango tulichojenga ng'ambo!"

Miaka michache nyuma yeye na Rodney walikuwa wamejenga kigango, kanisa dogo la kijijini, katika kijiji cha wavuvi upande wa pili wa bwawa lile la Nyumba ya Mungu, upande wa Simanjiro. Kimekaa kwenye tambarare karibu kabisa na maji. Ilikuwa kazi ya kwanza ambayo Rodney aliachiwa ukuta mzima peke yake, na ni yeye aliyepaka ile rangi ya kijani chini ya madirisha, juu yake nyeupe. Kijengo kile wanakijua tofali kwa tofali, msingi umeinuka kiasi gani, madirisha yanaanzia wapi, mnara wa kengele umekwenda juu kiasi gani. Kama maji ni bapa, alisema Ambrosi, mtu akichuchumaa ukingoni upande huu na darubini nzuri, ataona kijani chote hadi chini. Kama maji yana mgongo, mgongo utakula kijani, utakula madirisha, utabakisha mnara.

Nikapeleka ujumbe. Rodney alikubali siku hiyohiyo. Walikutana kwangu wakapatana mbele yangu. Ambrosi alisema kijani kikionekana atasimama mbele ya jumuiya na kutangaza kwamba dunia ni kama sinia. Na kisipoonekana, Rodney atakuja nyumbani na isale.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi ya wazee wetu. Ukimkosea mtu, ukamletea jani la isale, umeomba msamaha kwa namna isiyo na maneno ya ziada, na yeye hana ruhusa ya kukataa. Hata kama damu ilimwagika, isale likishapokelewa jambo limekwisha, halifukuliwi tena. Rodney alicheka akasema, "Sawa baba, hata mawili nitaleta." Na Ambrosi naye akacheka. Nilidhani shida imekwisha hapo hapo, kabla hata ya kwenda.

Tuliondoka alfajiri na pikapu ya Ambrosi, ile inayobeba saruji, darubini ya Theodory ikiwa mapajani mwangu. Mimi nilijiambatanisha kwa kisingizio cha kununua samaki, perege. Njia nzima walikuwa wanaongea. Hawakuongea habari za dunia, waliongea bei ya nondo, tajiri fulani wa Rau aliyetaka ghorofa juu ya msingi wa banda, na fundi aliyesahau kuacha nafasi ya mlango. Rodney alicheka hadi akagonga kichwa kwenye kioo. Nilikuwa nimebanwa katikati yao, na nikawaza kwamba Bernadetha angelipa chochote awe amekaa pale nilipokaa mimi.

Tulifika kabla joto halijaanza kucheza juu ya maji. Bwawa lilikuwa limetulia. Ambrosi akasema, "Wewe kwanza." Rodney akavua viatu, akaingia ukingoni, akachuchumaa hadi macho yakawa karibu na maji, akaweka darubini.

Alikaa muda. Akaishusha, akafuta vioo kwa shati, akaangalia tena.

"Unaona nini?" aliuliza baba yake.

"Mnara," alisema Rodney. "Msalaba, na kengele. Na bati la juu kidogo."

"Kijani?"

Nyuma yetu kulikuwa na jabali refu ambalo wanawake wanaanikia dagaa. Rodney akalipanda, akasimama juu kabisa, akaangalia. Kutoka kule juu madirisha yalionekana, na chini yao mstari wa kijani. Akashuka, akachuchumaa tena majini, madirisha yakapotea. Akapanda tena. Akashuka tena. Alikuwa kama mtu aliyeangusha ufunguo anayerudi palepale kuutafuta. Mimi pia niliangalia, na sikudanganyika: chini hapakuwa na ukuta, juu ukuta ulikuwepo. Maji yalikuwa yameusimamia mbele.

Kisha Rodney akaja akasimama mbele ya Ambrosi, maji yakimchuruzika miguuni. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ni kweli."

Hapo ndipo ningetaka siku ile iishie. Lilikuwa neno zito kwa kijana wa umri ule, na alikuwa amelitoa mwenyewe bila kubanwa. Ambrosi alichotakiwa kufanya ni kumshika bega tu. Wangeingia kwenye pikapu, tungenunua perege, na jioni Bernadetha angekaanga.

Lakini kaka yangu alikuwa ameibeba aibu ya ile siku ya jumuiya kwa miezi, na alitaka kuitua pale pale, mbele za watu. Alipiga kelele kuwaita wanawake wa samaki. "Njooni! Njooni mumwone msomi wa simu!" Wakaja, na wavuvi wakaja, watu wanapenda kitu cha kucheka asubuhi. Ambrosi akampa mmoja wao simu yake arekodi, eti ushahidi wa kupeleka jumuiya. Akamwambia Rodney aeleze mbele ya wote alikuwa anaamini nini, na sasa ameona nini.

Na Rodney alieleza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alieleza yote, kwa adabu, kama alivyoeleza siku ya chai.

"Kwa hiyo kaka," mwanamke mmoja akauliza, ndoo ya samaki iko kichwani, "sisi wenzako tumepangwa kwenye sinia?"

Walicheka wote. Ambrosi alicheka kuliko wote, hadi akashika tumbo. Nilimvuta mkono nikamwambia inatosha, akanitoa kama anatoa nzi.

Rodney akaiweka darubini kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akaniletea mimi. Kisha akamwambia baba yake, "Baba, mimi ile simu niliiamini kwa sababu ilikuwa inasema maneno yako." Akavaa viatu. Kulikuwa na lori la samaki linawasha injini. Akaongea na dereva, akapanda nyuma kwenye maboksi ya barafu. Hakugeuka.

Njiani kurudi Ambrosi alikuwa bado anajisifu. "Ataleta isale. Aliahidi." Na usiku haujaingia, ile video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la jumuiya. Kutoka hapo ikaenda kwa wanakwaya, kwa bodaboda, hadi kwa wateja wangu Memorial. Mwisho wa wiki, Uru nzima ilikuwa na jina jipya la Rodney. Walikuwa wanamwita Sinia.

Isale halikuja. Chumba cha Shirimatunda kikarudishwa kwa mwenye nyumba, tukasikia kijana amevuka Holili, anafanya kazi Taveta. Ambrosi aliendelea kusema ataleta, ataleta, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Bernadetha hakumgombeza, ila aliacha kumjibu. Alimwekea chakula, akamfulia, akamwamkia, basi. Krismasi wale wakubwa walikuja, mbuzi akachinjwa, na wakati wa kugawa nyama Ambrosi alikata kipande cha Rodney kwa mazoea. Akakaa amekishika. Watoto wa kaka zake Rodney, ambao hawajui kitu, wakaanza kuulizana kwa sauti, "Hii ni ya anko Sinia?" Ambrosi akaweka kisu chini akatoka nje.

Baada ya mwaka mpya nilimkuta amesimama kwenye mpaka wa kihamba, mkononi ana jani la isale, bichi, amelikata yeye.

"Unampelekea nani?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Mwanangu."

Wazee walipopata habari hawakupenda. Baba kumpelekea mtoto isale, tena mtoto aliyeahidi kulileta yeye? Theodory alimwambia waziwazi kwamba anapindua mila juu chini. Ambrosi, mtu wa maneno yote yale, alijibu mawili tu, "Nilimkosea mimi."

Tulikwenda wawili. Alilifunga lile jani kwenye khanga ya Bernadetha, na pale Holili afisa akaomba afungue, kwa sababu mimea haivuki hivi hivi. Ambrosi akafungua. Yule afisa alikuwa kijana wa kwetu, lafudhi yake ilimsema. Akaliangalia jani, akamwangalia mzee. "Mbe," alimwita kwa heshima kama tunavyowaita wazee wetu, "msiba?" Ambrosi akatikisa kichwa. "Ni kwa mwanangu." Yule kijana akaikunja khanga mwenyewe, akamrudishia, akatuambia tupite.

Rodney tulimkuta juu ya jukwaa la mirunda, anajenga ukuta wa duka. Alituona akiwa juu, akashuka polepole, akafuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amekonda, lakini amekomaa.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

Ambrosi alikuwa anahangaika na fundo la khanga. Lilipofunguka, akalitoa jani akalinyoosha kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Mafundi wenzake Rodney wengine ni watu wa huku kwetu, wanaojua maana ya jani lile. Nilisikia mwiko wa mmoja wao ukianguka.

"Baba, usinifanyie hivyo," alisema Rodney. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wewe ni baba yangu. Usinifanyie hivyo."

"Lipokee mwanangu."

Akalipokea. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimekusamehe baba. Yamekwisha." Wakakumbatiana pale kwenye mchanga, saruji ya mtoto ikabaki kwenye koti la baba. Nililia kwa furaha, sitaki uongo. Nilianza hata kuhesabu nauli za watu watatu.

Alitupeleka mgahawani akatununulia chai na chapati. Alimuuliza baba habari za mgongo wake, habari za kahawa, habari za mama. Ambrosi akajibu moja moja, kisha akasema, "Basi maliza chai twende. Mama yako anatungoja."

Rodney akaweka kikombe chini. "Siji, baba."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Kweli kabisa, sina kinyongo na wewe." Alikuwa anaongea taratibu, vile vile anavyoelezaga mambo. "Lakini kule juu mimi ni Sinia, baba. Nikienda kanisani ni Sinia. Nikioa, mke wangu ataitwa mama Sinia. Hapa wananiita fundi Rodney."

"Nitawaambia waache."

"Utamwambia nani? Watu wangapi?"

Ambrosi akaikunja khanga tupu, akaitia mfukoni. Rodney akamlipia mwenye mgahawa, akatusindikiza hadi stendi, akampa baba yake kitenge cha kumpelekea mama. Alingoja hadi gari likaondoka. Alikuwa mpole tangu mwanzo hadi mwisho, na huo upole ndio ulionivunja moyo, kwa sababu mtu mwenye hasira ungeweza kubishana naye.

Bernadetha alikuwa ametoka hadi barabarani. Alituona tunashuka wawili, akaendelea kuangalia mlango wa gari mpaka likaondoka.

"Amelikataa isale?" aliuliza. Ukiacha salamu, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa mumewe baada ya miezi.

"Amelipokea."

"Amelipokea, na hakuja?"

Ambrosi akakaa chini, pale pale kwenye majani ya pembeni mwa barabara, mzee mzima na koti lake la Jumapili. Watu walikuwa wanapita wanamwamkia na hakuwaona.

"Angelikataa, Bernadetha, ningerudi tena wiki ijayo na lingine," alisema. "Ningerudi kila wiki mpaka achoke. Amelipokea. Sasa nirudi kwake na nini?"